Shingo Iliyopindika



Katika Luka 13 twasoma habari za mwanamke aliyepindika mgongo kwa miaka 18. Mkuu wa sinagogi aliitazama sabato. Yesu aliutazama mzigo wa mama yule, akamnyosha.

Kwaya yetu hapa Njoro ilinunua gitaa kuukuu la besi mjini Nakuru. Besi za umeme zilienea baada ya Leo Fender kuanza kuuza yake huko Marekani mwaka 1951; hili letu ni la Japani, nalo jina lake halijulikani na wengi. Shingo yake ilikuwa imepinda, hata kubonyeza nyuzi kukaumiza vidole. Mzee mmoja akasema, "Litupeni! Sadaka si ya kununulia kuni."

Fundi mmoja wa Bondeni alitueleza kwamba nyuzi nne huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 50, usiku na mchana. Lakini ndani ya mti mna ufito wa chuma wa kushindana na mvuto huo. Alilegeza nyuzi, akakaza chuma robo mzunguko, akangoja hadi kesho yake, akakaza tena. Angefanya haraka, mti ungepasuka.

Ndugu, katika ushirika wetu wako waliopindishwa na karo, ugonjwa na msiba. Tusiseme upesi kwamba hawafai. Kwanza tuwapunguzie mzigo, kisha tuwape muda. Bwana hunyosha kutoka ndani, naye hana haraka. Amina.