PAA KWANZA, MOTO BAADAYE

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya kambi mbele ya wakaaji na wageni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Siku hii huadhimishwa duniani tangu mwaka 2001, na kila mwaka tunasikia maneno mazuri juu ya amani na juu ya kurudi kwetu. Kamati imeniomba leo niseme juu ya jambo la karibu zaidi, yaani nyumba tunamolala. Nimekubali kwa furaha, kwa maana wakati wenyewe ndio huu. Kiangazi kimeanza. Mvua itarudi mwezi wa Septemba. Tuna miezi miwili na zaidi ya kupanda juu ya mapaa bila kunyeshewa.

Najua wengine watasema: "Mwalimu, sisi hapa ni wapita njia, ya nini kutengeneza nyumba ya kambi?" Ndugu zangu, neno hilo lilisemwa pia na wazazi waliovuka mpaka kutoka Masisi na Rutshuru mwaka 1996. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo wana watoto wao. Kutengeneza paa si kuacha tumaini la kurudi. Mpita njia naye analala usiku, na mtoto wake naye anasikia baridi.

Baridi ya hapa tunaijua. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na milima yetu iko juu zaidi. Kila unapopanda mita 1,000, joto la hewa hupungua karibu nyuzi 6. Kwa hiyo wengi wetu, usiku ukiingia, tunafikiri juu ya moto. Neno langu la leo ni kwamba tunaanzia mahali pasipofaa. Nyumba hupata joto kwanza kwa kuwa kavu. Moto ndani ya chumba cha kulala ni hatari, nami nitaeleza kwa nini.

Kwanza, shitingi. Shitingi tunayogawiwa ina mita 4 kwa 5. Adui zake ni jua, upepo na ncha kali. Jua hatuwezi kulizuia, lakini upepo na ncha tunaweza. Kabla ya kutandika, kata ncha zote za miti na vichwa vya misumari, na pale mti unapogusa shitingi funga kitambaa cha gunia. Usipigilie msumari kwenye shitingi peke yake, maana upepo utaichana siku ya kwanza. Kunja ukingo wake mara mbili juu ya fito, kisha pigilia hapo, na chini ya kichwa cha msumari weka kipande cha mpira wa kandambili iliyokwisha. Shitingi ivutwe ikaze. Ile inayopiga kelele usiku inajichana yenyewe.

Mawe juu ya paa tuyaache. Yanatoboa, na siku ya upepo yanaangukia watu. Pitisha kamba juu ya paa, uifunge kwenye mambo zilizopigwa ardhini pande zote mbili.

Tuangalie pia mteremko. Kwa kila mita 1 ya kwenda kando, paa lipande angalau nusu mita. Paa lililolala hufanya tumbo, maji hukaa ndani ya tumbo hilo, na uzito wake huvunja fito. Na shitingi ikitoboka, usitegemee gundi ya viatu, haishiki juu ya plastiki ya namna hii. Kata kiraka kirefu, kianzie juu kwenye mgongo wa paa, kishuke kupita tundu. Hapo maji yatapita juu ya kiraka, hayataingia chini yake.

Pili, mabati. Sheria ni ile ya magamba ya samaki, ya juu humfunika wa chini. Anza kupigilia kutoka chini kwenda juu, na bati la juu lilalie la chini kwa sentimita 15 au 20. Msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi, kamwe usipigwe bondeni, kwa maana maji hupita bondeni. Nyumba nyingi zinazovuja zina bati zima. Kosa liko kwenye msumari uliopigwa mahali pabaya. Paa lizidi ukuta kwa nusu mita au zaidi, maana ukuta wa udongo ukilowa kila siku huanza kula kutoka chini. Na mfereji unaouzunguka ukuta uende kwenye mfereji mkubwa wa mtaa. Sisi tuko mlimani. Maji unayoyafukuza kwako bila kuyapa njia yanaingia kwa jirani wa chini.

Tatu, kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Asubuhi mtu anaona matone chini ya shitingi, blanketi limelowa, anasema paa linavuja. Tazama nje kwanza. Kama mvua haikunyesha, hayo si maji ya mvua. Ni pumzi zenu wenyewe. Watu sita au saba wakilala katika chumba kidogo, mvuke wa pumzi hupanda, hugusa plastiki ya baridi, hugeuka maji. Ukiongeza shitingi ya pili na kuziba kila tundu, yatazidi. Dawa yake ni kuacha nafasi ya wazi juu, chini ya mgongo wa paa, pande mbili, pana kama kiganja. Halafu tundika dari ya mikeka au magunia yaliyoshonwa pamoja, matone yasiwaangukie watoto.

Nne, baridi yenyewe. Upepo unaotuumiza ni ule wa chini, unaopita kwenye nyufa za ukuta usawa wa kitanda na chini ya mlango. Huo ndio wa kuziba. Changanya udongo na nyasi zilizokatwa fupi, na mavi ya ng'ombe kama yapo. Paka, uache upasuke, kisha paka mara ya pili juu ya nyufa. Tena tukumbuke kwamba ardhi hunyonya joto la mwili. Mwenye mablanketi mawili, moja aliweke chini yake. Kitanda cha fito, nyasi kavu na gunia juu ya nyasi hupunguza baridi kuliko watu wanavyodhani. Nyasi hizo zianikwe juani kila wiki.

Tano, na hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa mama zetu. Mbabula isiingie ndani usiku. Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Watu husubiri moshi uishe, makaa yawe mekundu, ndipo wayaingize, wakifikiri hatari imeisha. Moshi umeisha, sumu haijaisha. Makaa yanayofifia chini ya majivu nayo huitoa. Sufuria ya maji kando ya mbabula haiiondoi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Lakini aliyelala hazisikii dalili hizo, naye aweza asiamke. Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa, mpeleke zahanati upesi. Na mnaona hatari inavyokua: kadiri tunavyoziba nyumba vizuri, ndivyo mbabula inavyozidi kuua. Tena shitingi ikishika moto huyeyuka na kudondoka juu ya waliolala, nao moto haukai katika nyumba moja. Mashirika yenyewe hutaka mita 2 baina ya nyumba na nyumba. Sisi tunajua mahali ambapo hata mtu mmoja hapiti.

Basi tufanye nini? Tupike nje mapema. Maharage yaliyolowekwa na kuchemka vizuri, ondoa sufuria motoni, ifunike, uiweke ndani ya kikapu chenye majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu. Itaendelea kuiva bila makaa, na watoto watakula chakula cha moto kabla ya kulala. Jiwe kavu lililopashwa kando ya moto, si la mtoni maana lenye maji hupasuka, likivingirishwa kwenye nguo nene huingia kitandani bila sumu.

Mwisho, nasema juu ya salongo. Kijana mwenye nguvu atatengeneza paa lake kwa siku mbili. Mjane, mzee na kilema hawatapanda. Naomba Kamati iandike nyumba zao kwa kila mtaa, na kila mtaa utoe vijana wanne, ngazi moja na nyundo mbili, siku ya Jumamosi, mpaka orodha iishe kabla ya Septemba. Wanafunzi wakubwa wa shule yetu watachanganya udongo na kubeba maji. Vijana, fito tuziombe au tuzinunue. Mikaratusi ya wenyeji ina wenyewe, na ujirani mwema nao hutufunika.

Kwa watumishi wa mashirika, tunashukuru kwa shitingi. Tunaomba mambo mawili tu. Igawiwe wakati wa kiangazi, si baada ya mvua ya kwanza. Na iende pamoja na kamba, misumari na fito, kwa maana shitingi isiyo na fito haiwezi kuwa paa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa zetu tunazijua, na kiangazi ndicho hiki. Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tukutane mbele ya ofisi ya Kamati. Anayo nyundo, aje nayo.