Juma nzima tunalala wapi, na siku ya posho tunarudi na nini?

Maneno tuliyoyasema ku mkutano wa wanamemba, hapa Kindu



Komite ilituomba tuseme juu ya jambo lenye linaonekana dogo: mahali pa kulala. Wengi wetu tuna nyumba ku kijiji na kazi ku mji. Bibi, bwana na watoto wako ku barabara ya Kalima ao upande wa Kibombo. Kazi iko hapa, Kasuku ao Mikelenge: kujenga, kushona, kufundisha, kuuza ku soko. Siku ya kwanza tunakuja, siku ya posho tunarudi. Katikati kuna usiku tano, na hizo usiku tano zinaweza kumaliza feza yote ya kazi.

Sisi wa ekipi yenye inazunguka vijiji hatukuje hapa kujifanya wajuaji juu tulisoma universite. Sisi pia tunalala mbali na kwetu, na tulikosea. Mwanzo tulipanga chumba chini karibu na mto, juu bei ilikuwa nzuri. Mvua ilipoanza, maji yaliingia mupaka chini ya kitanda, na chandarua kilikuwa kimoja tu. Mwezi ule wawili kati yetu tulishikwa na malaria. Feza yote tuliyodhani tumechunga ku chumba, tuliiacha ku duka la dawa.

Kisha tulianza kuuliza wanamemba wanalala namna gani. Tutawaambia ya watu watatu. Wote walituruhusu, bila kutaja majina.

Wa kwanza ni baba mmoja mwenye kujenga. Alikuwa analala bure kwa ndugu yake Alunguli, na kazi yake iko Mikelenge. Kila siku anavuka mto. Tulikaa naye chini, tukapiga hesabu. Hii ni mfano tu, kila mutu atie bei zake. Tuseme anapata franka 10.000 kwa siku, ni 50.000 kwa juma. Pirogi kwenda na kurudi ni 2.000, pikipiki asubuhi na magaribi ni 3.000. Siku tano ni 25.000. Akipanga kitanda karibu na kazi kwa 10.000 ku juma, na akavuka tu siku ya kuja na siku ya kurudi, yote pamoja ni 15.000. Kumbe kulala bure kulikuwa kunamukula 10.000 zaidi kila juma. Tena alikuwa anavuka giza ikisha kuingia, na mto wetu munaujua.

Hatusemi kulala kwa ndugu ni mubaya. Lakini tuonge wazi tangu siku ya kwanza: nitatia nini ku chungu? Mutu akikula juma nzima bila kutia kitu, watoto wa ile nyumba njo wanakosa, na undugu unaanza kuchoka.

Wa pili ni mama mwenye kushona. Alipata chumba cha bei ndogo, lakini mulango haukufungwa kwa ndani, na choo kilikuwa inje, ngʼambo ya barabara. Usiku alikuwa hatoki, na hasinzii. Leo analala na ba mama wengine wawili wa barabara yake, katika parseli yenye ukuta. Kila mmoja analipa sehemu moja ya tatu. Mmoja akigonjwa, wengine wanajua kabla ya jua kupanda.

Wa tatu alitufanya tunyamaze. Alikuwa analala palepale ku shantie, juu ya mifuko ya simenti, ili arudi na feza yote. Hakumwambia bibi yake, juu ya haya. Alikuwa anasema tu, "Niko nalala muzuri." Jirani wakaanza kusema iko na biro ya pili hapa Kindu. Siku moja bibi akatoka ku kijiji na mtoto ku mgongo, akafika shantie usiku ili afumanie. Akamukuta amejifunika mufuko tupu wa simenti, anakohoa. Walilia wote wawili.

Ndugu zetu, hapa ndipo tulitaka kufika. Vita ilitutenganisha. Wengine walirudi kisha mwaka 2003, wengine nyuma sana. Tulirudi ili tukae pamoja. Kazi ya juma isitutenganishe tena. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, tujiulize maswali manne.

Moja: kisha kulipa chumba, njia na chakula, siku ya posho nitaingia kwetu na nini? Mbili: mulango unafungwa, choo kiko ndani, maji ya mvua yanapita wapi? Tatu: nikigonjwa usiku, nani atajua? Ine: watu wa kwetu wanajua pahali ninalala, na wanaweza kuja bila kunitafuta? Chumba chenye huwezi kuonyesha bibi ao bwana yako, hakikufai, hata kikiwa bure.

Sasa garanti. Tunajua njo inafunga watu mulango. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12, mwaka 2015, inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Tuiseme kwa heshima, bila kugombana, na tuandike: feza ngapi, tarehe gani, nyumba ilikuwa namna gani tulipoingia. Mwenye nyumba atie sinyatiri, na sisi tutie, na mushahidi moja.

Lakini hata miezi 3 ni mingi kwa mutu mwenye kulipwa kwa siku. Ndiyo maana tunaleta pendekezo kwa wanamemba na kwa marafiki wenye kutoa feza: sehemu ya musaada wa njia ikuwe mufuko wa garanti. Wanamemba watatu ao wane wa barabara moja wanapanga pamoja, mufuko unatoa garanti, komite inachunga karatasi. Loyer wanalipa wenyewe. Siku wanatoka, garanti inarudi ku mufuko, wengine wanaikamata. Feza ya njia ikisha kutoka, hairudi. Hii inaweza kurudi, kama tunachunga nyumba na karatasi.

Tunaomba mulijadili ku mkutano wenye kuja. Na mwenye analala vibaya leo, asingoje mkutano. Leo magaribi apigie watu wa kwetu telefone, awaambie ukweli wa pahali analala.