Mkataba wa Klabu na Mechi Isiyofika kwenye Dishi

Chaneli ya michezo inapotoweka kwenye dishi, mwenye chaneli huitwa mlafi na mwenye dishi huitwa bahili. Mada hii inadai kwamba mzizi wa ugomvi uko kwenye mkataba wa klabu, uliosainiwa kabla chaneli haijapata hata mtazamaji mmoja. Mwaka 2013 klabu ya besiboli ya Dodgers ya Los Angeles ilikubaliana na kampuni ya kebo ya Time Warner Cable kwa miaka 25, kwa thamani iliyotajwa kuwa dola bilioni 8.35. Chaneli ya SportsNet LA ikaanza Februari 2014. Ili fedha hizo zirudi, wasambazaji wengine walitakiwa kulipa dola kadhaa kila mwezi kwa kila nyumba, hata ile isiyojua besiboli inachezwaje. Kampuni za dishi DirecTV na Dish zilikataa. Wateja wake walikosa karibu mechi zote za misimu ya mwisho ya mtangazaji Vin Scully, aliyestaafu 2016 baada ya miaka 67. Tunaambiwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hapa fahali wa tatu, yaani klabu, alikuwa zizini anakula, maana malipo yake hayakungoja watazamaji.

Wapo watakaosema wenye madishi walikula njama. Ni kweli kwamba Novemba 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki DirecTV na mmiliki wake AT&T, ikidai walipeana habari za mazungumzo na washindani wao. Lakini shauri lilimalizwa kwa makubaliano Machi 2017, na DirecTV haikuionyesha chaneli hiyo hadi Aprili 2020. Kama njama ndiyo iliyokuwa kizuizi, miaka mitatu ile ilizuiwa na nini? Wengine wataitegemea sheria ya Marekani ya 1992, iliyolenga kuwazuia wenye kebo kuwanyima washindani chaneli zao. Hiyo haigusi jambo letu: chaneli ilikuwa sokoni, ila bei ndiyo iliyowashinda watu. Hoja nzito zaidi ni kwamba chaneli wangeuziwa wanaoitaka tu. Naikubali, na papo hapo inathibitisha ninachosema: bila mchango wa wasiotazama, ada kwa shabiki ingepanda mara kadhaa, na mabilioni yale yasingeahidiwa.

Kilichofuata kimeonyesha ahadi hizo zilivyokuwa dhaifu. Mwaka 2019 kampuni ya utangazaji ya Sinclair ilinunua kwa Disney chaneli 21 za michezo za kanda, zilizothaminiwa dola bilioni 10.6. Dish ilikuwa imekwisha kuziondoa Julai mwaka huo. Machi 2023 kampuni tanzu iliyozimiliki, Diamond Sports Group, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwishoni mwa Mei ikaacha kuilipa klabu ya besiboli ya San Diego Padres. Ligi ya besiboli yenyewe ikachukua matangazo ya klabu hiyo, na shabiki asiye na kebo wala dishi akaweza kununua mechi zake kwa mwezi, kupitia intaneti.