Dagaa Wabaki Chakula cha Watu: Lishe ya Samaki wa Vizimba katika Ziwa Tanganyika



Tangu Serikali ilipositisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, habari za kufuga samaki katika vizimba hazikauki mialoni. Ufugaji nauunga mkono. Ninachokipinga ni kumkuza samaki wa kizimba kwa unga wa dagaa. Kilo moja ya unga huo hula takribani kilo nne za dagaa wabichi, na dagaa hao ndio kitoweo cha watu wa kipato cha chini kuanzia hapa Kigoma hadi Tabora.

Wafugaji wanaung'ang'ania unga huo kwa sababu ya msingi. Protini yake hufika asilimia 60, tena imekamilika. Samaki hujenga nyama kwa asidi amino, na ile iliyo haba kuliko zote ndiyo inayoamua atakua kiasi gani. Zinazozidi huzitumia kama nishati, na naitrojeni yake humtoka matamvuani ikiwa amonia. Kwa hiyo mfugaji anaweza kununua protini nyingi, na sehemu kubwa ya fedha yake ikaishia majini.

Mkoa huu una nini badala yake? Una mashudu ya mise, yaani kokwa za michikichi, ambayo protini yake ni ndogo na nyuzinyuzi zake ni nyingi. Hayo ni ya kuongezea tu, hayawezi kuwa msingi wa chakula cha vifaranga wanaohitaji protini ya zaidi ya asilimia 35. Mashudu ya alizeti ni bora zaidi, lakini yamepungukiwa laisini. Soya ina laisini, ila methionini yake ni haba, na alizeti inayo. Changanya hizo mbili na utakuwa umeziba sehemu kubwa ya pengo. Lakini soya lazima ikaangwe kwanza, kwani ikiwa mbichi huzuia vimeng'enya vinavyosaga protini tumboni. Na mashudu yaliyoota ukungu yatupwe, hata kama yamenunuliwa kwa bei kubwa, kwa maana sumukuvu huharibu ini la samaki muda mrefu kabla mfugaji hajaona dalili yoyote.

Mafuta nayo tunayo: mawese. Watafiti wa Universiti Sains Malaysia wameonyesha kwamba sato hukua vizuri anapolishwa mawese badala ya mafuta ya samaki. Omega-3 hupungua katika minofu, na mlaji ana haki ya kuambiwa hivyo.

Sasa nije kwenye virutubisho vya nyongeza, maana hapa ndipo watu wengi wanapobana matumizi. Samaki wa bwawani hujiokotea mwani na vijidudu, humo hupata vitamini ambazo mfugaji hakumpa. Wa kizimbani hategemei hayo. Maji ya Tanganyika ni maangavu, chakula cha asili ndani yake ni kidogo, na chini ya wavu hakuna tope la kuchokonoa. Akikosa vitamini C, ambayo mwili wake hauwezi kuitengeneza, mifupa hukosa uimara. Mshike kifaranga wa namna hiyo umpitishe kidole mgongoni: utahisi uti umepinda upande, na mkia umekaa kombo. Huyo ataendelea kula, ila hatafikia uzito wa soko. Vitamini hiyo pia huharibika upesi kwa joto na jua, hivyo premiksi ya vitamini iliyoanikwa juani pamoja na chakula ni hasara tupu.

Kuna pia fosforasi. Takribani theluthi mbili ya fosforasi ya nafaka na mbegu imefungwa katika faiteti, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Ukiongeza kimeng'enya hicho, yaani faitezi, fosforasi hiyo humfikia mfupani. Usipoongeza, hutoka na kinyesi. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, oksijeni imebaki tabaka la juu tu, na mto unaotoka ni Lukuga peke yake. Fosforasi tunayoimwaga hapa haina pa kwenda haraka.

Kwa kulilinda ziwa hili hili, naomba vizimbani tusifuge sato wa Nile. Tunaye ngege wetu, Oreochromis tanganicae, aliyeelezwa na Günther mwaka 1894, na anapatikana bonde hili peke yake.

Watafiti wa uvuvi wa TAFIRI wapo Kigoma, wakufunzi wa uvuvi wa FETA wapo Kibirizi, na wataalamu wa michikichi wapo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga. Ningependa taasisi hizi tatu zianze na jaribio moja: ngege katika vizimba, kundi moja lile unga wa dagaa, la pili soya iliyokaangwa na alizeti bila nyongeza, la tatu mchanganyiko huo huo ukiwa na methionini, premiksi na faitezi, punje zikishikamanishwa kwa uji wa muhogo. Punje hizo zijaribiwe kwanza katika beseni la maji, kwa kuwa zinazozama upesi hupita matundu ya wavu kabla samaki hajazigusa. Wapimwe kila wiki mbili, na hesabu ya gharama kwa kila kilo ya samaki ibandikwe mwaloni, mahali ambapo kila mvuvi ataisoma.