Kiumbe wa Maji ya Moto Aungaye Uzi Uliokatika

Wewe uliye na karatasi hii mbele yako darasani, soma polepole. Neno likikushinda, mwulize mwalimu wako, wala usione haya.

Leo tutasema habari za kiumbe mdogo mno, asiyeonekana kwa macho, akaaye katika maji ya moto. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Ujerumani, Gerhard Fiala na Karl Stetter, waliwatangazia watu habari zake. Alipatikana katika mchanga wa moto chini ya bahari, pwani ya Vulcano, kisiwa cha Italia chenye mlima wa moto. Jina lake la kitaalamu ni Pyrococcus furiosus. Jina hilo ni gumu, basi sisi tutamwita Punje ya Moto. Yeye hustawi katika joto la nyuzi 100, yaani joto la maji ya chai yanapochemka. Ukimtia katika maji unayoogea wewe, hakui. Watu wengi wangemwita bakteria, lakini siye. Ni wa jamii nyingine iitwayo arkea, iliyotambuliwa na Carl Woese na George Fox wa Marekani mwaka 1977.

Ndani ya kila kiumbe hai, hata ndani yako wewe, mna uzi mwembamba uitwao DNA. Uzi huo ni kama kitabu cha maagizo: namna ya kukua, namna ya kula, namna ya kuzaa. Kitabu cha Punje ya Moto kina herufi karibu milioni 2. Sasa, iko mionzi inayoweza kuukata uzi huo. Mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Mtu akipigwa grei 5 mwili mzima kwa mara moja, asipotibiwa huenda akafa. (Picha ya kifua ya hospitali hutumia mionzi kidogo sana, kwa hiyo daktari akikuagiza kupigwa picha, nenda.)

Mwaka 1997 wataalamu huko Marekani walimpiga Punje ya Moto kwa grei 2,500. Uzi wake ukakatika vipande vipande. Kisha wakamrudisha katika joto la nyuzi 95, wakangoja. Walipoutazama tena, uzi ulikuwa mzima!

Aliungaje? Fikiri hivi. Mtoto amechana kitabu chako cha kusomea, na ukurasa mmoja umekatika katikati. Jirani yako darasani anacho kitabu kilekile. Utafanya nini? Utasoma maneno ya mwisho yaliyobaki katika kipande chako, utayatafuta maneno yaleyale katika kitabu cha jirani, kisha utanakili yaliyopotea. Punje ya Moto hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa ana nakala zaidi ya moja ya kitabu chake. Mafundi wake ni protini. Mre11 na Rad50 huzishika ncha zilizokatika. Wengine wawili, HerA na NurA, huzichonga ncha hizo ili herufi zake zisomeke. Halafu huja RadA, naye ndiye hasa msomaji wetu: huibeba ncha, akatafuta mahali penye herufi zilezile katika nakala nzima. Akipapata, herufi zilizopotea hunakiliwa, na uzi hufungwa.

Ndugu yake mmoja amempita kwa ugumu. Mwaka 2003 wataalamu wa Ufaransa walitoa habari za Thermococcus gammatolerans, aliyetolewa chini ya bahari ya Ghuba ya California, huko Meksiko, kina cha zaidi ya mita 2,000. Huyo alibaki hai baada ya grei 30,000. Vifaa vya hospitali huuliwa vijidudu kwa grei 25,000!

Hapa msikilizaji ataniuliza, “Bwana, kiumbe huyu alijifunza wapi, iwapo hakuna chemchemi wala bahari yenye mionzi mikali hivyo?” Swali hilo ni zuri kuliko somo langu. Wataalamu wengi hufikiri kuwa mwalimu wake ni joto. Maji yanayochemka nayo huuharibu uzi wa DNA, siku zote, bila kupumzika. Aishiye humo hana budi kuunga kila siku, na mionzi inapokuja humkuta fundi yuko kazini. Mimi naiona hoja hiyo kuwa na nguvu.

Wala usidhani mafundi hawa ni wa mbali. Mre11 na Rad50 wamo mwilini mwako pia, na RadA ana ndugu yake humo, Rad51. Uzi wako nao hukatika, ukaungwa bila wewe kujua. Mtoto akirithi Mre11 yenye kasoro kwa baba na kwa mama, huanza kutembea kwa kuyumba, na ugonjwa huo huzidi polepole.

Haya, chukueni kalamu. Kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya kazi ya RadA, kisha ampe jirani yake azisome.