Mama komisyonere na nyumba yake mwenyewe

Leo tunasema na wamama wanaouza na kupangisha nyumba za watu, wale tunaowaita makomisyonere. Tunasema pia na waume zao, watoto wao na wachungaji wao. Fungueni Mithali 31, kuanzia mstari wa kwanza. Tumesema wa kwanza, si wa kumi, na mtaona kwa nini.

Hapa Bukavu wamama wengi wa makanisa yetu wanafanya kazi hii, na wanaifanya vizuri. Mama anajua nyumba gani itabaki tupu mwezi ujao, kwa kuwa habari anazisikia kwenye robine, sokoni na hata kwenye mazoezi ya kwaya. Anamchukua mteja, wanapanda Muhungu, wanashuka Panzi, wanapanda tena Kadutu kwa miguu pale ambapo gari halifiki. Mteja anaangalia nyumba tano, anasema atapiga simu, na hapigi. Kazi hii haina mshahara. Nyumba ikipangishwa, mara nyingi komisyonere anapata kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Parseli ikiuzwa, anapata sehemu aliyopatana na mwenye kuuza. Isipouzwa, harudishiwi hata pesa ya moto iliyompeleka huko.

Halafu anarudi kwake saa kumi na mbili jioni, viatu vimejaa udongo, na anakuta makala hayajawashwa, bido ziko tupu, mtoto wa mwisho analia, na wote wanamwangalia yeye.

Siku ya Jumapili anaketi kanisani na anasikia mahubiri juu ya mwanamke mwema wa Mithali 31. Huyo anaamka kabla ya mapambazuko na taa yake haizimiki usiku. Anasuka, anauza, anapanda shamba la mizabibu, anavika watu wake nguo nzuri, na bado anawasaidia maskini. Mama yetu anatoka ibadani na mzigo mzito kuliko ule aliokuja nao. Anajisemea kwamba yule wa Biblia aliweza yote, shida iko kwake yeye.

Tunataka kuliondoa jiwe hilo mabegani mwake, na tutaliondoa kwa Neno lenyewe.

Kwanza, kuanzia mstari wa 10 mpaka wa 31 ni mistari 22, na katika Kiebrania kila mstari unaanza na herufi yake, kwa kufuata herufi 22 za lugha hiyo tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Ni kama mtoto wa shule anavyosoma A, B, C. Kwa hiyo tusiisome kama ratiba ya siku moja. Mwandishi anamsifu mama huyu tangu mwanzo wa herufi mpaka mwisho, maana yake maisha yake yote: miaka aliyokuwa na watoto wadogo, miaka aliyonunua shamba, miaka ambayo watoto walikuwa wamekua na kuweza kusimama na kumsifu. Mtoto wa maziwa hasimami kumsifu mama yake! Nani basi alitwambia kwamba mambo ya miaka thelathini lazima yatimizwe kati ya Jumatatu na Jumamosi?

Pili, mstari wa 15 unasema wazi kwamba nyumbani mwake walikuwamo wasichana wa kazi, naye aliwagawia sehemu yao. Hakuwa peke yake. Na mstari wa 11 unasema moyo wa mume wake ulimwamini. Tumekwisha kusikia mahubiri mengi juu ya mkono wa mama huyu, lakini juu ya moyo wa mume huyu tumesikia machache.

Tatu, na hapa ndipo tunataka tukae kidogo. Someni mstari wa kwanza. Maneno haya ni ya nani? Ni ya mfalme Lemueli, aliyofundishwa na mama yake. Mama anamfundisha mwanawe wa kiume. Sura ambayo tumezoea kuwasomea wanawake, mtu wa kwanza kufundishwa nayo alikuwa kijana mwanamume! Mama yake anamkanya juu ya pombe, anamwambia afumbue kinywa chake kwa ajili ya wasioweza kujitetea, kisha anafuata wimbo wa mwanamke mwema. Na neno la mwisho kabisa la sura ni amri ya kumpa mwanamke huyo matunda ya mikono yake. Ni amri kwa wale wanaokula kazi yake.

Kwa hiyo mama komisyonere mwenye watoto wa kiume, usisubiri binti azaliwe ndipo upate msaidizi. Kijana wa miaka kumi na miwili anayejua kuweka mpira kifuani anaweza kuwasha makala. Anaweza kuchambua sambaza, kuteka maji, kumwogesha mdogo wake. Ukimlea bila kazi hizo unamharibia mke wake wa kesho, mtoto wa mama mwingine. Wako watakaosema kwamba unamgeuza kuwa mwanamke. Waambieni wasome Yohana 21. Bwana Yesu, akiwa amekwisha kufufuka, aliwasha moto wa makaa kando ya ziwa, akawaandalia wanafunzi wake samaki na mkate. Wanafunzi walikuwa wametoka kazini wamechoka, na Bwana ndiye aliyepika.

Ninyi wababa, tunawaheshimu, na tunajua wengi wenu mmepoteza kazi katika miaka hii migumu. Tunajua pia inauma mwanamume anapoona minervali imelipwa na simu ya mke wake. Lakini kumnunia hakujazi sufuria. Zamani sheria ya jamaa ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate kwanza ruhusa ya mume wake kwa mambo ya sheria kama kutia sahihi mikataba. Sheria ya 2016 iliyoirekebisha haitumii tena neno hilo la ruhusa; inawataka wote wawili wapatane. Mtume Paulo alikwisha kuwaita waaminio kunyenyekeana katika Waefeso 5:21, kabla hajafika kwenye mstari wa 22 ambao wengine wanaujua kwa moyo.

Kupatana huko kunahusu pia pesa. Siku parseli inapouzwa, pesa nyingi zinaingia kwa mara moja, na baadaye miezi miwili au mitatu hakuna kitu. Siku hiyo ndiyo ya kukaa mezani, wawili, na kugawa: fungu la kumi, kodi ya nyumba, masomo, likelemba, na akiba ya miezi mikavu. Mama asifiche komisyo, na baba asiichukue kama mavuno ya shamba lake. Tunaongeza neno dogo: mapatano peke yake hayatoshi. Anania na Safira walipatana vizuri sana juu ya bei ya shamba lao, wakapatana kudanganya.

Juu ya simu, wamama, tuseme ukweli. Simu ndiyo duka letu, na mteja anapiga wakati bugali iko motoni. Tusipopokea, anampigia mwingine. Lakini mtoto anayejifunza kwamba kila neno lake linakatwa na simu, mwishoni anaacha kusema, na mama anakuja kugundua kwa majirani kwamba binti yake ana shida. Wako kati yetu waliowaambia wateja wao, "Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku niko na watoto, baadaye nitakupigia." Wengi wa wateja walikubali. Mtu anayetafuta nyumba ya kuishi na watoto wake anaelewa maneno hayo. Walio wagumu walikwenda, na wengine wao walirudi.

Mwenye mtoto mchanga asijilazimishe kupanda milima. Tafuteni mwenzenu wa kuaminiwa, yeye atembee, wewe upige simu, komisyo igawanywe. Hata asiye na mtoto mchanga, tunamwomba asiende peke yake na mwanamume asiyemjua kuonyesha nyumba tupu. Bwana aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, Marko 6:7. Inalinda mwili wako na jina lako, kwa sababu kuna midomo kanisani inayohesabu ni mara ngapi umepita na mwanamume gani. Na nyumbani aachwe ujumbe: ninakwenda avenyu fulani, na mtu fulani, nitarudi saa fulani.

Sasa tufike pahali kazi hii inapomjaribu mama kweli. Shule imerudisha watoto, na siku hiyohiyo anakuja mtu na nyumba ya kuuzwa haraka, komisyo nzuri. Unauliza habari zake kidogo tu, unakuta mwenye nyumba alikufa, ndugu zake ndio wanaouza, na mjane yuko ndani na watoto wanne, hajaambiwa chochote. Ufanye nini?

Sheria ya Kongo inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, na inampa mjane haki ya kutumia nyumba waliyoishi. Lakini hata kama hukuisoma sheria, wewe ni mama. Unajua maana ya kutoa sufuria nje na kuzipanga kando ya barabara. Komisyo hiyo ikatae. Nenda kwa mjane, umwambie, na umwonyeshe pa kwenda kuuliza. Minervali itabaki bila kulipwa wiki hiyo. Hatusemi kwamba pesa nyingine itafika kesho yake asubuhi, maana si kila mara inafika. Kanisa lenye mama aliyekataa komisyo ya namna hiyo linapaswa kujua, na mashemasi waende kwake na mfuko mkononi, wasiende na maombi tu.

Vilevile parseli za kwenye mabonde ya mmomonyoko. Mji wetu unajua mvua inafanya nini: usiku mmoja ukuta unashuka, na watoto wako ndani. Mteja aliyekuja wakati wa kiangazi haoni kitu. Wewe unaona, kwa sababu unaishi hapa. Mwambie maji yanapita wapi. Hapa umama wako unakusaidia kazini, tofauti na wanavyosema watu. Komisyonere mwingine anahesabu vyumba. Mama anaangalia choo kiko mbali gani usiku, mtoto atachezea wapi, jirani anauza nini. Wateja wanarudi kwa mtu wa namna hiyo na kumletea wengine.

Na karatasi zikaguliwe. Tangu sheria ya 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Anayeuza anauza haki yake juu ya ardhi hiyo pamoja na kilichojengwa. Karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya sefu wa avenyu haimalizi mambo, mpaka kadastre na ofisi ya hati za ardhi zimejulikana na cheti kimebadilishwa jina. Nabii Yeremia, alipokuwa kifungoni na mji umezungukwa na vita, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Alifanya nini? Alipima fedha mbele ya mashahidi, akatia muhuri, akaweka hati mbili ndani ya chombo cha udongo zipate kudumu. Hakusema, "Tunaaminiana, sisi ni ndugu," ingawa aliyemuuzia alikuwa ndugu yake kweli, mtoto wa baba mdogo wake. Sura ya 32, mkaisome nyumbani.

Neno fupi kwa wachungaji wetu wapendwa. Mama huyu ana maombezi Jumatano, kwaya Ijumaa, mkutano wa wamama, na Jumapili nzima. Akikosa Jumatano moja kwa sababu mteja ametoka Uvira na anarudi jioni, asiitwe aliyerudi nyuma. Na mteja anayetaka kuona nyumba Jumapili saa tatu, mama amwambie saa tisa. Nyumba haitembei.

Tuombe. Baba wa mbinguni, tunakuletea dada zetu wenye nyumba ya kuonyesha kesho. Linda miguu yao kwenye miteremko, na uwape mwenzao wa kutembea naye. Mkumbuke yule ambaye simu yake haijalia tangu mwezi uliopita, na yule aliyeambiwa leo na mume wake kwamba anatembeatembea. Mkumbuke mjane ambaye nyumba yake inaongelewa na watu asiowajua. Na vijana wetu wa kiume wanaosikia redio hii saa hii, wakati mama hajafika, wainue wakawashe makala. Kwa jina la Yesu. Amina.