Kabla ya Januari 2028: Upangaji wa Masomo na Ufundishaji katika Sekondari ya Kata



Mada ya leo ni ufundishaji na upangaji wa masomo katika shule za sekondari za kata. Ni mada ambayo kwa kawaida huachiwa walimu peke yao. Wananchi huitwa kuchimba msingi, kusomba mawe na mchanga na kuchangia madawati. Boma likishaezekwa, kazi ya jamii huhesabiwa kuwa imekwisha. Kinachotendeka ndani ya darasa hilo siku baada ya siku hubaki baina ya mwalimu, ubao na mtoto. Hata hivyo, sehemu hiyo nayo inamhusu kila mkazi, na muda uliobaki wa kuiimarisha si mrefu.

Kwa nini Januari 2028

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, imepunguza miaka ya shule ya msingi kutoka saba hadi sita, na imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024. Watoto waliokuwa Darasa la Tatu mwaka huo watahitimu Darasa la Sita mwaka 2027. Mwaka huohuo, kaka na dada zao waliowatangulia watahitimu Darasa la Saba kwa utaratibu wa zamani. Makundi hayo mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja Januari 2028.

Maana yake ni rahisi kuikokotoa. Shule iliyozoea kupokea watoto 150 yapaswa kujiandaa kwa karibu mara mbili ya idadi hiyo. Nusu yao watakuwa wadogo kwa umri, na watakuwa wamefundishwa kwa mihtasari tofauti na wenzao. Madarasa yatahitajika, na ujenzi hauna budi kuendelea. Lakini historia ya shule za kata ina fundisho. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, wananchi walijenga kwa kasi ya kujivunia, na majengo yakawatangulia walimu, hasa wa Hisabati na Sayansi. Watoto wengi walipata paa kabla ya kupata somo. Safari hii maandalizi ya ufundishaji yaende bega kwa bega na matofali.

Nani huamua nini

Wakazi wengi hudhani kwamba kila kinachofundishwa huamuliwa na mkuu wa shule. Sivyo. Mitaala na mihtasari huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mitihani ya taifa ni kazi ya Baraza la Mitihani. Uendeshaji wa shule za umma uko chini ya TAMISEMI, kupitia halmashauri, na Wathibiti Ubora wa Shule hukagua mwenendo wa ufundishaji.

Baada ya yote hayo, shule bado inabaki na mamlaka makubwa: namna ya kugawa mada katika wiki za mwaka, namna ya kuendesha kipindi cha dakika 40, na namna ya kumsaidia anayebaki nyuma. Mambo hayo hayasubiri fungu la fedha kutoka Dodoma. Ndiyo maana ni ya kwanza kuulizwa.

Azimio la kazi linalojua mwezi na mvua

Azimio la kazi ni mpango wa mwalimu wa mwaka mzima. Mwalimu huchukua umahiri ulioorodheshwa katika muhtasari, akaugawa katika miezi, wiki na vipindi, akaonyesha mbinu, zana, rejea na njia ya upimaji. Kutoka humo huandika andalio la somo kwa kila kipindi.

Kasoro ya kawaida ni azimio lililonakiliwa kutoka mwaka uliopita, au kutoka shule nyingine, likidhani kwamba kila wiki ya mwaka ni sawa na nyingine. Mwaka wa masomo una siku 194. Katika mwambao wa Ziwa Victoria siku hizo hazilingani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Katika siku za giza wapo vijana wanaolala mwaloni, na wapo mabinti wanaoamkia kuanika dagaa kabla ya kwenda shule, wakafika wamechelewa au wasifike kabisa. Msimu wa mpunga una siku zake, gulio lina siku yake, mvua kubwa hukata njia, na michezo ya UMISSETA huchukua wanafunzi na walimu. Kidato cha Nne nao huanza mtihani wa taifa mwezi Novemba, hivyo mwaka wao ni mfupi kuliko wa wengine.

Shule iliyojipanga vizuri hufanya jambo moja kabla ya Januari. Walimu huketi na daftari la mahudhurio la mwaka uliopita, wakaweka alama kwenye wiki ambazo madawati yalikuwa wazi. Mada ngumu, ambayo mada nyingine huiegemea, haiwekwi katika wiki hizo. Badala yake hupangwa mazoezi na marudio, na wiki inayofuata hutengewa vipindi vya fidia. Kupanga ni kuchagua. Mwalimu asiyechagua mapema atachaguliwa na kalenda, na mwezi Oktoba atazisoma mada tano za mwisho mbele ya wanafunzi kama anayesoma tangazo.

Ieleweke kwamba azimio la namna hiyo halimpi mtoto ruhusa ya utoro. Mahali pa mwanafunzi siku ya masomo ni shuleni. Azimio hukubali tu ukweli uliopo, ili mtoto aliyekosa wiki asipoteze mwaka.

Darasa lililo kimya

Mtoto hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya umma. Akifika Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Kozi ya awali ya wiki chache humsaidia, lakini haitoshi kuziba pengo hilo. Matokeo yake ni darasa lililo kimya. Daftari ni safi, maelezo yamenakiliwa yote, na mwandishi wake hawezi kuyaeleza. Mgeni akipita dirishani atasifu nidhamu.

Chukua mfano wa mvukizo. Mtoto aliyekulia mwaloni anajua tangu utotoni kwamba dagaa waliotandazwa kwenye jua na upepo hukauka upesi kuliko waliorundikwa. Anajua joto, upepo na eneo la uso wa kitu, na amevifanyia kazi kwa mikono yake. Lakini sentensi ya Kiingereza aliyoinakili ubaoni haimwambii kwamba ndilo jambo lilelile. Mwalimu akiagiza kila kundi lipime kiasi kimoja cha dagaa wabichi, litandaze nusu na kurundika nusu, kisha lipime tena baada ya saa chache, somo hupata miguu. Wanafunzi wataandika vipimo, watakokotoa asilimia ya maji yaliyopotea, kisha watatafuta sentensi ya Kiingereza ya kueleza walichokiona. Hapo lugha inaibeba maana ambayo mtoto anayo tayari.

Mbinu hiyo haihitaji maabara ya gharama. Inahitaji maneno mapya machache yaandikwe ubaoni mwanzoni mwa kipindi na kutamkwa na kila mmoja. Inahitaji pia wanafunzi waelezane wawiliwawili kabla ya kumjibu mwalimu, na maswali yanayodai sentensi nzima badala ya kuitikia kwa pamoja. Katika darasa la watoto 80 mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja, lakini mazungumzo ya wawiliwawili huwapa watoto wote nafasi ya kusema kwa wakati mmoja. Kwa njia hiyo, mwalimu wa Fizikia au wa Jiografia naye huwa mwalimu wa lugha.

Kupima ili kufundisha

Mtihani hutazamwa kama hukumu ya mwisho wa safari. Ungefaa zaidi kama kipimo cha daktari. Baraza la Mitihani huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, ukionyesha maswali yaliyowashinda wengi na sababu zake. Idara ya somo ikiusoma uchambuzi wa Kidato cha Pili na cha Nne kabla ya kuandika azimio jipya, itajua ni wapi pa kuongeza vipindi. Kwa siku za kawaida, swali moja linalojibiwa kwenye kipande cha karatasi katika dakika tano za mwisho humwonyesha mwalimu pa kuanzia kipindi kijacho.

Mwalimu naye hujifunza

Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, umeweka jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule. Walimu hukutana kwa ratiba, hueleza mada iliyowatatiza, huandaa somo kwa pamoja, kisha mmoja hufundisha na wenzake humtazama. Kinachotazamwa ni wanafunzi: nani ameelewa, nani ameachwa, na kwa nini.

Mwalimu aliye peke yake katika somo lake hana wa kuzungumza naye shuleni. Maafisa Elimu Kata wanaweza kuwakutanisha walimu wa Hisabati wa kata jirani. Katika visiwa vya Ukerewe, ambako safari hutegemea chombo na hali ya ziwa, simu na mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu hufaa. Vilevile wanachuo wanaofika kwa mafunzo kwa vitendo, wakiwamo wa Chuo cha Ualimu Butimba, wafundishe sambamba na mwalimu mwenyeji. Wasiwe mbadala wake wakati wa likizo.

Wajibu wa wakazi

Bodi ya shule na mkutano wa wazazi ni vyombo halali vya kuulizia maendeleo ya masomo. Maswali ya kuuliza ni haya, na yaulizwe kwa adabu bila kumdhalilisha mwalimu:

1. Azimio la kazi limefika wapi katika kila somo?
2. Ni vipindi vingapi vimepotea muhula huu, na vinafidiwa lini?
3. Mtoto aliyebaki nyuma anasaidiwa siku gani na nani?
4. Jumuiya ya ujifunzaji ya walimu ilikutana lini mara ya mwisho?

Wakazi nao wana ya kujibu. Mtoto asiyekula tangu asubuhi hasikii somo la saa nane mchana. Chakula cha shule ni jukumu la wazazi kwa makubaliano ya mkutano wao. Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, BMU, vinajua kila mtumbwi unaoondoka mwaloni, na vinaweza kukataa mtoto wa shule asipande usiku wa kuamkia masomo. Mzazi asiyejua Kiingereza bado anaweza kufungua daftari jioni na kusema, "Nieleze mlichosoma leo." Mtoto akikieleza kwa Kiswahili chake cha nyumbani, amekielewa. Akinyamaza, mzazi amejua la kumuuliza mwalimu.

Watoto watakaoingia Kidato cha Kwanza Januari 2028 wako katika shule za msingi za kata hii hivi sasa, na majina yao yamo katika madaftari ya walimu wakuu. Hesabu yao iombwe katika mkutano ujao wa kata, ipelekwe kwa bodi ya shule ya sekondari, na bodi iulize: nani atawafundisha, kwa mpango gani?